Afadhali Tufungwe kwa Majina Yetu

Msimu wa mpira wa shule yetu umekwisha. Timu yetu imecheza mechi tatu za mashindano ya UMISSETA. Imetoka sare moja, imeshinda moja, na imefungwa moja, na kwa kule kufungwa imetolewa. Kwa desturi ya gazeti letu, habari za michezo huandikwa kwa kifupi katika ukurasa wa nyuma: tarehe, magoli, na shukrani kwa Mwalimu wa Michezo. Lakini muhula huu namwomba Mhariri anipe nafasi kubwa kidogo, maana tangu tulipotolewa pamekuwa na maneno mengi madarasani, njiani, na hata gulioni hapa Nkololo. Nayo maneno hayo si ya mpira peke yake. Ni maneno juu ya jambo hili: je, sisi ni shule ya namna gani?

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na ndiye katibu wa timu. Kazi yangu si kufunga magoli bali kutunza daftari. Katika daftari hilo huandika jina la kila mchezaji, kidato chake, siku alizofika mazoezini na siku alizokosa. Basi haya niandikayo sikuyasikia kwa watu, niliyaona.

Kwanza niwaeleze wazazi wetu, hasa wale wakaao mbali, jinsi timu hii ilivyopatikana. Mnamo mwezi wa Februari tulifanya mashindano ya madarasa, na katika hayo Mwalimu alichagua vijana ishirini na wawili. Wengi wao ni wanafunzi wa kutwa, ambao hutembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Tulikuwa na mpira mmoja mzuri na mwingine uliokwisha kushonwa mara nyingi hata umbo lake si la mviringo tena. Uwanja wetu, kama mjuavyo, ni wa udongo mweusi wa mbuga: mvua ikinyesha huganda miguuni kama ulimbo, na jua likiwaka hupasuka nyufa ambamo mguu wa mtu waweza kuteguka. Zaidi ya hayo, miezi ya mashindano ndiyo miezi ya kuchuma pamba. Daftari langu laonyesha kwamba ziko jioni ambazo walifika wachezaji tisa tu, kwa sababu wenzao walikuwa shambani wakiwasaidia wazazi. Hawana lawama, pamba ndiyo iliyolipa daftari na sare zao.

Hata hivyo timu ilikwenda mbele. Mechi ya kwanza tulitoka 1-1. Ya pili tulishinda 2-1, na siku ile tulirudi tukiimba njia nzima. Ya tatu ilikuwa dhidi ya shule kubwa kuliko yetu, yenye wanafunzi wengi na uwanja mzuri. Tulifungwa 3-0.

Sasa lipo jambo lililotokea siku chache kabla ya mechi hiyo ya tatu, na ndilo lililoleta maneno. Wachezaji wetu wawili wa mbele walikuwa hawawezi kucheza. Mmoja alikuwa na malaria, na mwingine alikuwa ameumia goti. Mpenzi mmoja wa timu yetu, ambaye sitamtaja, akaleta shauri. Alisema kwamba wako vijana wawili hodari wachezao mpira mtaani, ambao wamekwisha kuacha shule zamani. Wavishwe jezi zetu, waitwe kwa majina ya wale wawili wagonjwa, na mambo yatakwenda. Alisema haya kwa moyo mwema kabisa, kama mtu anayetoa msaada. Mwalimu akakataa. Akawaingiza vijana wawili wa Kidato cha Pili waliokuwa wa akiba, nao wakacheza kwa nguvu zao zote, nasi tukafungwa.

Tangu siku ile wako wanaosema kwamba Mwalimu ametunyima ushindi. Mimi nasema kwamba Mwalimu ametulindia kitu kilicho kikubwa kuliko ushindi, nami nitajaribu kueleza sababu zangu moja moja.

Kabla ya kuendelea, niseme wazi kwamba siwashuku hata kidogo wale waliotufunga. Walitufunga kwa sababu walicheza vizuri kuliko sisi, walipeana pasi, na golikipa wao alikuwa imara. Wazee wamesema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ninalolijadili hapa si la wenzetu; ni la kwetu sisi.

Wale wanaomlaumu Mwalimu wana hoja tatu. Ya kwanza wasema: "Kila mtu hufanya hivyo." Ni kweli kwamba neno mamluki na neno kijeba si mageni katika michezo ya shule nchini petu. Mamluki ni yule asiye mwanafunzi wa shule anayoichezea; kijeba ni yule aliyepita umri lakini hucheza na wadogo zake. Maneno yasingepatikana kama mambo yenyewe yasingekuwako. Lakini tazameni jinsi nchi yetu yenyewe ilivyopata fundisho katika jambo hili, mara moja kwa uchungu na mara moja kwa furaha.

Katika mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana walio chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya kwenda katika fainali za Afrika huko Gambia. Ikagundulika kwamba ilichezesha mchezaji aliyezidi umri. Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, likaiondoa. Vijana wote wa timu ile, wakiwamo wale ambao umri wao ulikuwa halali kabisa, wakakosa safari kwa ajili ya jambo la mtu mmoja.

Kisha ikapita miaka kumi na zaidi. Mwaka 2016 Serengeti Boys ilishindania tena nafasi ya namna ile ile na Kongo Brazzaville. Hapa nyumbani tulishinda 3-2, kule Brazzaville tukafungwa 1-0, na kwa kanuni ya magoli ya ugenini tukatolewa. Lakini nchi yetu ilikuwa imekata rufani juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Aliitwa kupimwa, hakufika. Mapema mwaka 2017 CAF ikaiondoa Kongo na kutupa sisi nafasi. Serengeti Boys wakaenda Gabon mwezi wa Mei mwaka ule, wakatoka 0-0 na Mali, ambao ndio waliochukua kombe mwishoni, wakaifunga Angola 2-1, kisha wakafungwa 1-0 na Niger na kurudi nyumbani.

Yaangalieni mambo hayo mawili pamoja. Kanuni iliyotutoa mwaka 2005 ndiyo iliyotuingiza mwaka 2017. Mtu hawezi kuidai kanuni siku inapomfaa na kuitupa siku inapomkera. Kama sisi hapa Nkololo tungewavika jezi vijana wale wawili, kesho shule nyingine ingetuletea mamluki wao, nasi tungekwenda kulalamika kwa nani? Tungekuwa tumekwisha kujifunga midomo wenyewe.

Wala msidhani kwamba siri ya namna hii hudumu. Mwaka 2019 fainali hizo za vijana zilichezwa Dar es Salaam, mbele ya macho yetu wenyewe. Guinea walifika fainali wakafungwa na Kamerun kwa penalti. Baadaye ikaonekana kwamba wachezaji wao wawili walikuwa wamepata kucheza mashindano huko Japani mwaka 2017 kwa tarehe nyingine za kuzaliwa. CAF ikayafuta matokeo ya Guinea, na nafasi yao katika Kombe la Dunia la vijana lililochezwa Brazil ikapewa Senegal. Karatasi mbili zilizokuwa mbali sana, moja huku na moja Japani, zilikutana. Njia ya mwongo ni fupi.

Siku hizi hata mfupa wa mtu husema. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 huko Nijeria, FIFA hutumia kipimo cha MRI kupiga picha ya mkono karibu na kiganja. Kwa kijana anayekua, mwisho wa mfupa mmoja una sehemu laini ambayo bado haijaungana na mfupa wenyewe. Akishakomaa, sehemu ile hufunga ikawa kitu kimoja kigumu. Mtu aweza kubadili cheti cha kuzaliwa, lakini hawezi kuufungua mfupa uliokwisha kufunga. Najua kwamba hapa kwetu hatupimwi kwa mashine hiyo. Nami naona ni vema zaidi tusingoje mashine. Tupimane kwa neno letu.

Hoja ya pili wasema: "Ni kwa ajili ya sifa ya shule." Hii ndiyo hoja inayowavuta wengi, maana nani asiyependa sifa ya shule yake? Lakini nauliza: sifa ile ingekuwa ya nani? Kama magoli yangefungwa na vijana wawili wasiojua hata mlango wa darasa letu, basi iliyoshinda si shule hii. Imeshinda jezi yake. Wazee wetu wa Kisukuma wana michezo ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambayo huchezwa baada ya mavuno, vyama viwili vikishindana siku moja. Mwamuzi ni watu wenyewe. Chama kitakachowavuta watazamaji wengi ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo chama hujulikana kwa jina lake na kwa manju wake. Mgika akishinda, ameshinda kwa ufundi wa Wagika, na watu watakwenda wakilitaja jina hilo mpaka mwaka mwingine. Ushindi usio na mwenyewe hausimuliwi, hufichwa. Nasi tungekuwa na ushindi ambao hatuwezi kuusimulia hapa gazetini.

Tena ni lazima tukumbuke jinsi mashindano haya yetu yalivyo. Shule hucheza na shule. Kisha kutoka katika shule hizo huchaguliwa vijana wa kuunda timu ya wilaya. Kutoka wilaya huchaguliwa timu ya mkoa. Na mwisho mikoa hukutana kitaifa, kama ilivyokuwa Mwanza mwaka 2018 na Mtwara mwaka 2019. Kwa hiyo shule ikitolewa, mchezaji wake hajatolewa. Mlinzi wetu wa kati alionwa katika mechi ile ile tuliyofungwa 3-0, akaitwa katika mazoezi ya kuchagua timu ya wilaya. Alionwa kwa sababu alikuwa uwanjani kwa jina lake. Sasa fikirini: kama mamluki wawili wangechukua nafasi mbili, basi wanafunzi wawili wa kweli wangekaa benchi, na labda wangekaa benchi tena katika wilaya na mkoa. Mamluki hachukui jezi tu. Huchukua njia ya mwanafunzi.

Hoja ya tatu ni ya huruma, nami naiheshimu. Wasema: "Vijana wale wa mtaani ni hodari, hawana shule, mngewapa nafasi waonekane." Ni kweli ni hodari, nimewaona wakicheza. Lakini nauliza tena: wakionekana, ameonekana nani? Mtu wa wilaya angeandika katika karatasi yake jina la mwanafunzi aliyekuwa kitandani na malaria. Yule kijana hodari angerudi mtaani, asijulikane na mtu, na kipaji chake kingekuwa kimeandikwa kwa jina la mwingine.

Katika mpira wa siku hizi jina la mchezaji na tarehe yake ya kuzaliwa ndiyo mali yake. Mbwana Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, kisha TP Mazembe ya Kongo, ambako katika mwaka 2015 walichukua ubingwa wa Afrika. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa ya Uingereza, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga goli katika Ligi Kuu ya nchi ile. Katika kila hatua jina lilikuwa moja. Kanuni za FIFA hata hutenga asilimia 5 ya malipo ya uhamisho, zigawiwe vilabu vilivyomlea mchezaji tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi mwaka wa 23. Klabu ndogo ya mtaani itapataje haki hiyo kwa mtoto iliyemlea, kama mtoto yule alikuwa akicheza huku na huku kwa majina ya kuazima? Kama twawapenda vijana wale wawili, basi tuwasaidie wasajiliwe katika klabu halali ya wilaya, kwa majina yao. Na kama wangependa kurudi kusoma, tuwasaidie vilevile. Huo ndio msaada.

Iko sababu moja zaidi, ambayo naiona kubwa kuliko zote. Mwakani mimi na wenzangu tutafanya mtihani wa Kidato cha Nne. Kila mmoja ataketi mbele ya namba yake na kuandika kwa kalamu yake. Kumwingiza mtu mwingine chumbani aandike kwa jina lako ni kosa ambalo kila mwanafunzi analijua, na Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya wenye kosa hilo. Je, mwalimu atatuambiaje Jumatatu tusifanye hivyo chumbani mwa mtihani, ikiwa Jumamosi alituonyesha jinsi ya kufanya hivyo uwanjani? Kijana akifundishwa kwamba jina ni kitu cha kuvaa na kuvua, hatalisahau fundisho hilo akiwa karani, au mganga, au mwenye kutunza fedha ya chama cha ushirika cha pamba. Wazazi wetu wajua vizuri ni nini hutokea mizani ya pamba ikiwa mikononi mwa mtu wa namna hiyo.

Wako watakaosema kwamba kwa kufuata haki hatutafika popote. Nawajibu kwa mfano wa dada zetu. Oktoba 2022 timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza Kombe la Dunia huko India, nayo ndiyo timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kufika katika Kombe la Dunia la FIFA. Mechi ya kwanza walifungwa na Japani 4-0. Wangeweza kukata tamaa. Badala yake waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa 3-0. Wasichana wale walikuwa wa umri wa kukaa katika madawati kama haya yetu. Yaani 3-0 imewatoa hata waliofika robo fainali ya dunia, na hakuna aliyeona aibu kuwapokea.

Basi napendekeza mambo matatu kwa msimu ujao. La kwanza, orodha ya timu, pamoja na picha ya kila mchezaji na namba yake ya kuandikishwa shuleni, ibandikwe katika ubao wa matangazo wiki moja kabla ya mechi ya kwanza, ili kila mwanafunzi aione na aweze kuuliza. Timu isiyo na la kuficha haiogopi ubao. La pili, tuwe na wachezaji wa akiba wa kweli. Vijana wale wawili wa Kidato cha Pili waliingia katika mechi kubwa wakiwa hawajacheza hata mechi moja ya kirafiki. Hilo si kosa lao. Kama tungecheza na shule jirani mara mbili au tatu tangu Februari, tusingetikisika kwa malaria ya mtu mmoja. La tatu ni ombi kwa wazazi: katika miezi ya pamba, mtuachie jioni mbili tu za wiki, Jumanne na Alhamisi. Jioni nyingine zote sisi ni wa shambani, wala hatutalalamika.

Gharama ya haya yote ni ndogo: karatasi, gundi, na jioni mbili. Gharama ya shauri lile jingine ni kubwa, ingawa siku ya kwanza huonekana kuwa bure.

Katika daftari langu, ukurasa wa mechi ya tatu, nimeandika: tumefungwa 3-0. Chini yake yako majina kumi na moja, pamoja na yale ya wale wawili wa Kidato cha Pili. Ukurasa huo waweza kusomwa na Mkuu wa Shule, na afisa wa michezo wa wilaya, na mzazi yeyote, na kila jina litaitika darasani likiitwa. Mazoezi ya msimu ujao yataanza Februari, saa kumi na nusu jioni. Aliye na viatu alete viatu, na asiye navyo aje hivyo hivyo. Jina lake litaandikwa.